Nimempeleka bi mkubwa bandari tano na skuta ya umeme: kabla hujalipia, uliza meli inafunga wapi

Kiguu na Njia:

Habari za wakati huu wakuu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite salama.

Mama yangu ana miaka 73, mzaliwa wa Pangani, na magoti yake yamekwisha kazi. Kitandani hadi msalani anakwenda vizuri na mkongojo wake, ila mpe mita mia mbili za barabarani atatafuta pa kukaa. Alipokuja kukaa nasi huku Uingereza tukamnunulia skuta ya umeme, zile wanazopanda wazee kwenda madukani: usukani, kiti, kikapu mbele, mwendo wa kilomita 6 kwa saa, ambao ndio mwisho kwenye njia za waenda kwa miguu. Ya kwetu inakunjwa na ina kilo 26 pamoja na betri. Siku ya kwanza tu mama akaibatiza "bajaji", na humu nitaiita hivyo hivyo.

Mwaka jana tukampeleka kwenye meli ya kitalii kutoka Southampton, tukateremka hadi Hispania, Ureno na Gibraltar, tukarudi. Tuliichagua Southampton makusudi ili tusipande ndege na betri. Unaegesha gari, bajaji inaingia melini kwa magurudumu yake, kwisha.

Nilivyojiandaa nilikuwa najiona mjanja. Nimepima mlango wa kebini (kebini ya kawaida, mlango sentimita 55 hivi, bajaji ikapita kwa kusugua), nimejaza fomu ya kampuni kwamba tuna skuta, nimesoma habari za kila mji. Kumbe nilisoma habari za miji. Za bandari sikusoma, na hapo ndipo tulipoumbuka.

Nianze na La Coruña. Meli inafunga mjini kabisa, ukishuka uko mjini. Saa nne asubuhi daraja la kushukia lilikuwa karibu bapa, mama akalipita kwenye bajaji kama anatoka sebuleni kwake. Tukaifuata njia ya ufukweni, pana na laini, mpaka Torre de Hércules, mnara wa taa waliojenga Warumi na mpaka leo unaongoza meli. Juu kuna ngazi 234, hatukuzigusa, mama akakaa chini anakula chungwa na kutazama mawimbi. Tukarudi taratibu, betri imebaki nusu, kila mtu ana furaha.

Saa kumi na nusu jioni tunafika kwenye meli, lile daraja la asubuhi limesimama kama paa la nyumba! Mlango ni ule ule, gati ni lile lile. Nikadhani wamebadilisha ngazi. Mama hata hakuiangalia ngazi. Aliangalia ukuta wa gati, pale chini palipokuwa na ukijani wa mwani asubuhi. Ukijani wote ulikuwa umemezwa na maji. Akasema, "Bamvua hii. Mwezi wa juzi hukuuona ulivyokuwa mpevu? Ungeniuliza, tungerudi saa nane."

Wakuu, nina shahada mbili.

Ikabidi mama ashuke, apande kwa miguu akishikwa mkono na kijana mmoja Mfilipino mwenye subira ya ajabu, na wenzake wawili wakaisukuma bajaji nyuma. Hatua kumi na nane, nilizihesabu. Katikati akasimama kuvuta pumzi, foleni nyuma yetu ikasimama, na hakuna aliyeguna. Lakini mama hapendi kutazamwa akihema.

Nitaendelea na Lisbon, nimeitwa kazini.

Baharia Mstaafu:

Bi mkubwa huyo apewe vyeti vyako vyote viwili.

Mimi nimefanya kazi ya bahari miaka 22, nikatoka, sasa niko Likoni nalea wajukuu. Niongeze kitu. Gati halipandi wala kushuka, meli ndiyo hupanda na kushuka na maji. Mlango ukiwa juu ya gati, maji yakijaa mteremko unakuwa mkali. Yakipwa, unalala. Ndiyo maana pengine asubuhi mnatokea sitaha ya nne na jioni mnaingilia ya pili. Uliza mapokezi usiku wa kuamkia bandari: kesho tunashukia sitaha ipi, na maji yanajaa saa ngapi? Watakuangalia kidogo lakini watakujibu.

Siku moja mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo ndiyo bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati ya hapo ni maji mafu, hayana fujo. Pwani ya Atlantiki tofauti yake ni kama yetu Mombasa na Unguja, mita tatu hadi nne. Ukiingia ndani ya Mediterania, Barcelona au Marseille, maji hayapandi hata futi mbili, kwa hivyo ngazi uliyoshukia ndiyo utakayopandia. Kwa mtu mwenye skuta hilo ni jambo kubwa kuliko uzuri wa mji.

Fundi Bomba:

Mkuu hongera kwa kumtunza mama. Lakini tuambizane ukweli, uzi huu unamhusu nani humu? Wengine mama zetu tunawabeba mgongoni kuwapandisha daladala na pantoni. Skuta ya umeme, meli, Lisbon... sawa.

Kiguu na Njia:

Fundi, sikukatalii. Mimi mwenyewe baba yangu alibebwa na kitanda cha kamba mpaka zahanati. Lakini shida ya mama pale kwenye ngazi na shida ya mama yako kwenye pantoni ni moja: kile kipande kifupi baina ya chombo na nchi kavu. Barabara inaweza kuwa nzuri huku na huku, ukashindwa na mita tano za katikati.

Sasa Lisbon. Meli inapanda mto Tejo, inapita chini ya daraja refu jekundu, inafunga Santa Apolónia, chini ya mtaa wa Alfama. Safari hii niliuliza maji kabla. Kushuka salama, kurudi salama. Nikajipongeza mapema mno.

Lisbon imetandikwa vijiwe vya chokaa, vyeupe kwa vyeusi, kila kimoja ukubwa wa kashata, vimepangwa kwa mkono mmoja mmoja. Wenyewe wanaita calçada. Picha zake ni nzuri kweli. Ila bajaji yetu ina tairi ngumu zisizo na upepo, ndogo kama sahani ya chai, na kila kijiwe kinampanda mama mpaka kwenye meno. Baada ya dakika kumi akavua meno ya bandia akayatia kwenye pochi. Akaniambia tuendelee, ila tusizungumze. Na vijiwe hivyo vimesuguliwa na miguu ya watu miaka na miaka, vinang'aa. Manyunyu yakidondoka unateleza kama umekanyaga sabuni.

Njia ya kando ya mto kwenda uwanja mkubwa wa Praça do Comércio ni tambarare. Mtaa wa Baixa nyuma yake nao ni tambarare na umenyooka kama mstari wa rula, kwa sababu ulijengwa upya wote baada ya tetemeko la 1755. Hapo bajaji inakwenda. Alfama haikubomoka sana, ikabaki na vichochoro vyake na vipandio vyake vya zamani. Usiende na magurudumu. Tulichungulia kona ya kwanza tukageuka.

Kosa langu lilikuwa kwenye tramu. Pale uwanjani reli zimezamishwa barabarani, zina mfereji mwembamba. Nilimwambia mama akate kona aje upande wangu, akakata kwa mshazari. Gurudumu la mbele likaingia kwenye mfereji, likakaa, usukani ukakataa. Mama anabonyeza kitufe, motor inalia, bajaji haiendi. Nasikia kengele: ting, ting. Tramu hiyo, ya njano, mita kama arobaini.

Dereva alisimama mapema, sisemi tulikuwa tunakufa. Lakini akili yangu ilikuwa imeshakimbia. Mama akazima ufunguo, akaushika mkongojo, akasimama, akatembea hatua sita mpaka kando, akageuka akaniambia, "Inyanyue basi." Mwanamume mmoja muuza vitambaa akashika nyuma, mimi mbele, tukaing'oa. Abiria wa tramu wakatupigia makofi, aibu tupu.

Kwa hiyo reli ivukwe moja kwa moja kama unavuka mto, usiikate kwa mshazari hata siku moja.

Mzenji wa Malindi:

Kiguu, hiyo Alfama uliyoikimbia jina lake limetoka kwenye Kiarabu, al-hamma, yaani maji moto, mahali pa kuogea. Ni ndugu moja na Hamamni yetu hapa Unguja. Na vichochoro vyake ni ndugu vilevile, ndiyo maana gurudumu halipiti.

Fundi Bomba, mie uzi huu unanihusu moja kwa moja. Natembeza wageni Mji Mkongwe, na meli za kitalii zinakuja hapa. Nyingine inafunga bandarini Malindi, nyingine inatia nanga nje na wageni wanaletwa kwa mashua. Mgeni wa skuta akiteremka, wenzangu wengi wanamwangalia kama mzigo. Wanampeleka kwenye gari, gari haina pa kuiweka, mzozo.

Mie nampitisha hivi. Nje ya geti pana purukushani, malori na pikipiki, hapo namtembeza mwenyewe mkono kwenye kiti. Kisha tunashika barabara ya Mizingani, tunapita nyumba ya dispensari yenye roshani za mbao, tunapita Mti Mkubwa, mpaka Forodhani. Ni tambarare, bahari mkono wa kulia, na Forodhani tangu ilipotengenezwa 2009 imesakafiwa vizuri. Beit el Ajaib tunaitazama kwa nje tu, ilianguka sehemu Desemba 2020. Ndani ya vichochoro namwonyesha pale mwanzo tu, penye kivuli. Huko ndani kuna vibaraza vimetokeza, mitaro, vespa inakuja bila honi, na ukingo wa barabara mwingine unafika gotini.

Wengi wao wanashukuru kuambiwa "hapa hapapiti" kuliko kudanganywa kwamba panapita.

Bint Matrah:

Assalaam alaykum. Shikamoo mama wa bajaji. Naandika kutoka Maskati, nyumbani kwetu tunazungumza Kiswahili, bibi alikuja kutoka Unguja na hajakiacha.

Hapa meli zinafunga Bandari Sultan Qaboos, Matrah. Ndani ya bandari hairuhusiwi kutembea kwa miguu, unapanda basi mpaka getini. Kwa hiyo swali lako la kwanza si mji, ni basi: lina nafasi ya skuta? Mtu asiyeweza kupanda vipandio vya basi anapandaje? Ulizeni kabla hamjajipanga foleni kwenye jua. Ukishatoka geti, Corniche, yaani barabara ya ufukweni, yote ni bapa, pepo za bahari, mabenchi, raha tupu kwa mzee. Sokoni mlango wa mbele unaingilika, ila ukizidi kwenda ndani njia inapanda na inabana, na meli ikiwepo watu ni wengi kweli. Bibi yangu anakwenda na kiti mwendo asubuhi mapema, ananunua ubani wake karibu na mlango, anarudi.

Na jamani msije Juni. Chuma cha usukani hakishikiki. Meli nyingi zenyewe zinakuja majira ya baridi.

Nesi Mtaa wa Pili:

Naomba kuuliza, kuna mama mgonjwa wangu mtoto wake anataka amchukue kwa ndege akapande meli Barcelona. Betri ya skuta inaruhusiwa?

Kiguu na Njia:

Nesi, angalia kibandiko cha betri. Zidisha volti kwa ampea-saa. Yetu ni volti 24 na ampea-saa 10, sawa na wati-saa 240. Kwa betri ya lithiamu inayochomolewa, kikomo kwenye ndege ni wati-saa 300. Betri mnaichomoa, mnafunika ncha zake, mnaingia nayo mkononi, haiendi kwenye mizigo ya chini. Skuta yenyewe ndiyo inayokwenda chini. Na muombe kibali cha shirika la ndege mapema, msisubiri mpaka siku ya safari. Zile betri nzito za risasi zina taratibu zake nyingine.

Melini wanataka skuta ilale na ichajiwe ndani ya kebini. Usiiache koridoni hata usiku mmoja, watakugongea mlango.

Baharia Mstaafu:

Na wana haki. Koridoni ndiko watu watakakopita moshi ukitanda. Moto melini huna pa kukimbilia.

Kiguu na Njia:

Nimalizie bandari zilizobaki. Cádiz: sina la kusema ila nendeni. Unatoka geti, unavuka barabara moja, uko mji wa zamani, bapa kama mkeka. Mama alikula samaki wadogo wa kukaanga kwenye karatasi akasema hao ni dagaa, wasimdanganye. Gibraltar: kutoka kwenye gati hadi uwanja wa Casemates ni kilomita moja na ushei, tambarare, kisha Main Street yote inapitika. Mwambani juu hatukwenda.

Iliyouma ni kisiwa cha Guernsey, siku ya mwisho kabla ya nyumbani. Huko meli kubwa haifungi, inatia nanga nje ya St Peter Port na abiria wanashushwa kwa mashua. Asubuhi tumevaa, tumeshuka mpaka sitaha ya chini, mhudumu anatuambia skuta haishuki kwenye mashua. Nikachemka. Nilijaza fomu! Miezi minne nyuma! Mbona hakuna aliyesema? Sitaitaja kampuni, lakini nilisema maneno.

Mama naye alisema yake: "Mie nimepanda mashua Pangani kabla sijaota meno, huyu kijana ananifundisha mashua?"

Yule kijana hakubishana. Akatusogeza pembeni, akamwonyesha mama mlango. Mashua ilikuwa inapanda na kushuka ubavuni mwa meli, inakuja juu mpaka usawa wa goti, inazama, inarudi. Wahudumu wawili wanamshika kila mtu mikono, wanasubiri mashua iinuke, "sasa!", anavuka. Mama akaitazama mara nne, tano. Akaniuliza bajaji ina kilo ngapi. Nikamwambia 26. Akasema, "Kwa wimbi hili wakiidondosha hapo katikati itamkata mtu mguu. Twende tukanywe chai."

Baadaye nikayasoma tena masharti tuliyotia saini. Yameandikwa, ukurasa wa nyuma: bandari za mashua, skuta hazishuki, na nahodha ndiye mwenye neno la mwisho. Bado nasema mtu aliyepokea fomu yangu angenipigia simu. Dakika mbili. Ila kwenye ratiba waliyotupa mwanzo kila bandari ilikuwa na alama ya mashua au gati, nikaipita kwa macho nikidhani ni pambo.

Baharia Mstaafu:

Na hapo Guernsey bamvua kubwa maji yanapanda zaidi ya mita 9. Kuna kazi hapo.

Kwa wanaofikiria Ugiriki: Santorini nako meli inatia nanga nje, mashua, halafu mji uko juu ya jabali. Ni gari la kamba ya angani au ngazi karibu 600. Mzee wa skuta abaki sitahani, pale juu ya meli panaonekana pote.

Nesi Mtaa wa Pili:

Je, akiwa na kiti mwendo cha kawaida kinachokunjwa badala ya skuta, mashua wanampeleka?

Kiguu na Njia:

Mara nyingine ndiyo, kama bahari imetulia na yeye mwenyewe anaweza kuvuka ile hatua kwa miguu yake. Kiti kinakunjwa, kinapitishwa kando. Asiyeweza kusimama kabisa hawamwinui. Ndiyo maana safari ijayo tunachukua vyote viwili, bajaji na kiti chepesi.

Kitu kingine, mfuko wa plastiki. Mkubwa, wa kufunika usukani. Mvua ya Southampton siku ya kurudi iliingia kwenye vitufe, bajaji ikawa inakwenda kinyumenyume tu. Nilimrudisha mama mpaka kwenye gari akiwa ametazama nilikotoka mimi. Akawa anapungia watu.

Fundi Bomba:

😂😂 Hapo kwenye kinyumenyume nimecheka mpaka mteja kaniuliza nina nini.

Mkuu nirudi kistaarabu. Jana nimempeleka mama kwenye pantoni kwenye kiti chake cha magurudumu. Nikangoja, nikaangalia maji kwanza kama alivyosema bi mkubwa. Wakati tunafika mlango wa chuma ulikuwa umening'inia mteremko mkali. Tukakaa kibandani kwa muuza kahawa, tukapisha pantoni mbili. Ya tatu mlango ukawa umelala kidogo, nikamsukuma peke yangu, bila kumwita mtu. Siku zote naita vijana wanne na nawalipa.

Kiguu na Njia:

Nimemsomea mama. Anauliza kahawa ilikuwa ya tangawizi au kavu.

Fundi Bomba:

Tangawizi. Mwambie shikamoo yake.

Mzenji wa Malindi:

Kiguu, mkimleta bi mkubwa kwa meli upande huu, niandikie. Ila mwambie achague tarehe mwenyewe.

Kiguu na Njia:

Keshaanza. Ameniagiza kalenda yenye miezi, ile inayobandikwa ukutani, na amezungushia duara siku za maji mafu.